Chumvi Kwenye Utambi

"Moto wangu mimi," Omolo alitangaza, akiwa amekalia meza ya maabara kana kwamba ameirithi kwa babake, "hauwezi kuchoma mtu. Hata mtu akitaka kuchomwa, itabidi apige foleni kwanza aombe ruhusa."

Kidato cha Nne kizima kikacheka. Kucheka ndiyo ilikuwa kazi yao Omolo akifungua mdomo. Hata Mwalimu Gakuru wa fizikia, mtu aliyetabasamu kama anayetozwa ushuru, alijifanya anakohoa.

Muhula haukuisha kabla moto huo haujakula mkono wa mtu, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na hakuna ruhusa iliyoombwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, katika shule moja ya mseto pale Kajiado. Omolo alikuwa mtoto wa Kitengela, anakaa bweni na kurudi kwao wikendi za ruhusa. Mdomo alikuwa nao. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, na ungeondoka ukimshukuru. Kwa hivyo kongamano la sayansi la wilaya lilipokaribia, Mwalimu Gakuru alimpanga na Mutindi. Mutindi angetengeneza, Omolo angeeleza. Mutindi hakupenda kuongea mbele za watu. Omolo hakupenda kitu kingine chochote.

Injini yenyewe haikuwa ya shule. Ilikuwa ya babu yake Mutindi, Mzee Mbuvi, aliyefanya kazi reli zama za injini za mvuke. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto: uwake vipi, usizidi, usizime. Alipostaafu alihamia kinyumba karibu na reli ya Magadi, na katika mzigo wake kulikuwa na injini ndogo ya shaba aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vilivyotupwa. Ukubwa wake ni kama mkate. Ilikuwa na tangi la maji, bomba moja la mvuke na gurudumu pembeni. Maji yakichemka, gurudumu linazunguka na injini inapiga chafya kama mbuzi mwenye mafua.

Shida ilikuwa chini, kwenye moto. Mzee alikuwa ameweka kikopo cha spiriti, ile ya zambarau inayouzwa dukani, na utambi mmoja katikati. Ukiiwasha, mwanzo inaenda vizuri. Halafu joto la tangi linateremka hadi kwenye kikopo, spiriti nayo inaanza kuchemka humo ndani, moto unaruka kila upande, unalamba hewa badala ya kulamba tangi, na kabla mvuke haujapata nguvu, spiriti imekwisha.

"Moto mwingi, kazi kidogo," Mutindi alisema siku ya kwanza walipoijaribu. "Kama mtu fulani."

"Huyo mtu ni handsome?"

"Shika huu mrija, nitoboe."

"Nishike mrija pekee? Na moyo?"

"Moyo peleka kwa mwalimu wa dini."

Walifanya kazi wiki baada ya wiki, na ukweli usemwe, Omolo hakuwa bure kabisa. Mutindi ndiye aliyekihamisha kikopo kutoka chini ya tangi, akakiweka mbali na joto, na kuleta spiriti kwa mrija mwembamba wa shaba uliotoka kwenye friji iliyokufa. Ndiye aliyetoboa kifuniko kwa msumari, hewa ipate kuingia, maana bila hewa spiriti ilikataa kutembea, sawa na mtungi uliozibwa mdomo. Lakini wazo la kuweka tambi nne fupi mahali pa moja lilikuwa la Omolo, na ni yeye aliyegundua kwamba walikuwa wanazibana sana ndani ya vimrija vyake. Kila mtu hubana tambi za stovu ya mafuta ya taa ili isitoe moshi. Utambi wa spiriti ukibanwa hivyo haunywi, unabaki na kiu. Walipozilegeza, injini ilizunguka mpaka madirisha ya maabara yakatoa jasho.

Siku hiyo Omolo alimkumbatia Mutindi mbele ya watu, naye Mutindi akasahau kumsukuma.

Halafu ikaja siku ya jua. Walikuwa wameitoa injini nje, kwenye kibaraza, kwa sababu harufu ya spiriti ilikuwa imemuumiza Mwalimu Gakuru kichwa. Mutindi aliinama kuangalia kama moto umezima. Hakuona kitu. Akapeleka kidole, na akakitia mdomoni akipiga kelele. Moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Moto wa spiriti safi ni samawati hafifu. Ndani ya nyumba unauona, lakini chini ya jua la Kajiado, ambalo halina huruma na kitu chochote, hauna rangi kabisa. Ni hewa inayouma.

Jumatatu Mutindi alirudi na dawa kutoka kwa babu yake. Alikoroga chumvi ya kupikia kwenye maji, akalowesha tambi zote nne, akazikausha. Alipowasha, moto ulisimama wima, wa manjano kama ua la alizeti, hata mtu aliye mbali angeuona.

"Babu amesema moto usiouona si wako," alisema. "Kwa hivyo sheria ni hii, Omolo. Tukiona manjano, hakuna kugusa chupa ya spiriti. Manjano ikiisha, ndiyo tunaongeza."

"Sawa, Madam Chumvi."

"Sicheki."

"Umeona nikicheka?"

Hakuwa anacheka. Alikuwa anauangalia ule moto wa manjano. Omolo alikuwa amelelewa kwenye ploti ya kupanga kule Kitengela, milango imetazamana, na kila mlango una stovu yake ya mafuta nje. Katika ploti ile, moto wa manjano ulikuwa aibu. Moto wa manjano ulimaanisha masizi, na masizi yalimaanisha sufuria nyeusi, na sufuria nyeusi ilimaanisha kwamba mwenye sufuria hajui kazi. Mamake, Achola, angeweza kuangalia chini ya sufuria ya jirani na kukuambia ndoa hiyo itadumu ama haitadumu. Moto wa heshima ni wa samawati. Hili Omolo alilijua kabla hajajua kusoma.

Wavulana wa bwenini nao wakamalizia. Walipita kwenye kibaraza, wakaona ule moto wa manjano, na Ngui mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa na akili ya kutunga chochote, akauliza: "Omolo, hiyo ni injini ama koroboi?"

Basi jina la ile taa ya mkebe inayotoa moshi likamganda. Bafuni, Koroboi. Kwenye foleni ya maharagwe, Koroboi, songa. Mtu aliyezoea kuchekesha wengine hajui afanye nini akichekwa yeye. Ni kama kinyozi kushikwa kichwa.

Alijaribu kumwambia Mutindi. "Majaji watauona huo moto watasema ni mchafu. Watasema hatujui kuchoma."

"Utawaeleza. Si mdomo ni wako?"

"Nieleze nini? Kwamba tunapika githeri?"

"Eleza vile unataka. Chumvi inabaki."

Wikendi ya ruhusa ilifika siku chache kabla ya kongamano. Omolo aliomba kwenda nyumbani na kichomeo cha injini, yaani kikopo, mrija na tambi zake, akisema anataka kukipiga msasa king'ae. Mutindi alimpa. Kwa nini asimpe? Walikuwa washirika.

Jumamosi, ploti ikinuka omena na sabuni ya kipande, Omolo alichomoa tambi zote nne na kuziloweka kwenye karai la mamake. Alizisugua. Alizikamua. Maji yalikuwa ya kununuliwa kwa mkokoteni, na mamake alipoona yanamwagwa hivyo alitoka na kitambaa kichwani na mkono kiunoni.

"Omolo. Hiyo ni nini unafua na maji yangu?"

"Ni tambi, Mama. Natoa chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Kuna msichana wa project ameziloweka kwa chumvi kama mtu anatengeneza samaki, mbuta wa kukausha. Moto unatoka manjano. Sasa mimi niende Kajiado mbele ya majaji na moto wa manjano, Mama? Mtoto wako?"

Achola alicheka hadi akashika ukuta. Mwanawe alikuwa kidume cha kuacha soksi zisimame zenyewe, na leo anafua. "Sasa hapo umenifurahisha," alisema. "Moto ya manjano ni ya watu wavivu. Leta hapa, hujui kusuuza wewe." Akachukua karai, akamimina maji mengine masafi bila kulalamika, akazisuuza mwenyewe, akaonja utambi mmoja kwa ncha ya ulimi kama anavyoonja mboga, akatikisa kichwa, akazisuuza tena. Kisha akazianika kwenye kamba, kati ya shati la kanisani na fulana ya mumewe.

Jumapili jioni zilikuwa zimekauka. Omolo alizirudisha mahali pake, zisibane, zisilegee. Hakumwambia Mutindi. Alikuwa anamwekea surprise. Alikuwa amepiga picha kichwani: moto wa samawati, majaji wakiinama, Ngui akikosa la kusema, na Mutindi akigeuka kumwangalia yeye, Omolo, vile hajawahi kumwangalia.

Kongamano lilijaa kupita ukumbi. Shule yao ilipewa meza nje, juani, kando ya seng'enge. Omolo alijaza spiriti, akawasha Mutindi akiwa bado ukumbini akiwaandikisha, na injini ikaanza kupiga chafya zake, halafu gurudumu likazunguka mpaka likageuka ukungu. Majaji walikuja. Omolo alifungua mdomo na maneno yakatoka yamepigwa pasi. Aliwaeleza mrija wa friji, tundu la msumari, kiu ya tambi. Jaji mmoja mwanamke alicheka hadi akavua miwani. Watu walisongamana. Mutindi alipenya, akasimama nyuma ya meza na chupa ya spiriti, ametulia, akaangalia mahali moto unapokaa.

Hakuona manjano.

Gurudumu lilikuwa limeanza kulegea. Maji yalikuwa yamepungua, ni hilo tu, lakini yeye angejuaje? Alichojua ni kwamba injini inapoa na manjano hayapo.

"Imezima," alimwambia Omolo kwa sauti ya chini.

Omolo alisikia. Hili ndilo alilokuja kulifukuza baadaye kila alipolala chali: alisikia vizuri. Lakini jaji alikuwa katikati ya swali, naye alikuwa katikati ya jibu tamu, lenye kichekesho mwishoni, na kichekesho hakikatwi. Aliinua kidole kumwambia Mutindi angoje. Mutindi alidhani anamwambia endelea. Aliinamisha chupa juu ya tambi ili ziloane, ziwashwe upya.

Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayekung'uta shuka. Hakuna moto ulioonekana. Watu walichoona ni msichana anarusha chupa na kuanza kupigapiga mkono wake hewani, anaruka, anajizungusha, na wakadhani ni sehemu ya onyesho la yule mvulana mcheshi. Wakacheka. Kuna watu waliopiga makofi. Sweta ya shule ilikuwa ya nailoni. Ilianza kukunjamana juu ya mkono wake, yenyewe, kama karatasi ya peremende, na hapo ndipo kicheko kilikatika, na Mwalimu Gakuru akavua koti na kumrukia.

Omolo peke yake alijua tangu sekunde ya kwanza. Alisimama na kile kidole bado kimeinuliwa.

Walipouliza kilichotokea, hakuna aliyemlazimisha. Mwalimu Gakuru, shati limetoboka, aliuliza tu, "Si huwa kuna chumvi? Kwa nini haikuwa manjano?" Na mdomo wa Omolo, ule mdomo uliozoea kufika mahali kabla ya mwenyewe, ukasema: "Labda Mutindi alisahau kuweka."

Baada ya hapo *labda* ilianguka njiani. Kufikia bwenini ilikuwa ni Mutindi alisahau. Kufikia ofisini ilikuwa ni nilimkumbusha.

Alienda kumwona hospitalini, kwa sababu kila mtu alikuwa anaenda. Mkono ulikuwa umefungwa, mkubwa na mweupe, umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Ulikuwa ni wa kulia. Mutindi alikuwa anataka kwenda kusomea ufundi wa mitambo, alikuwa amesema hivyo tangu Kidato cha Kwanza, na watu walikuwa wamezoea kumcheka kwa hilo.

"Omolo," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "niliweka chumvi. Si niliweka?"

Omolo aliangalia dirisha.

"Nakumbuka nikiweka. Lakini si ni ile ya kwanza? Ama unafaa kuweka tena ikitumika? Nimefikiria mpaka sijui. Wewe uliniona nikiweka?"

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango. Angepita tu.

"Ulikuwa na mambo mingi, Mutindi," alisema kwa upole, upole ule wa mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. "Mtu anaweza kusahau."

Mutindi alifikiria. Kisha akakubali kwa kichwa, polepole, na machozi yakateremka hadi masikioni kwa sababu hata mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa dripu, hakuwa na wa kuyafuta. "Babu aliniambia," alisema. "Na nikasahau."

Omolo alitoka nje akatapika kando ya mkebe wa taka. Halafu akasukutua mdomo, akarudi shule, na jioni hiyo akasimulia kichekesho mezani. Kilichekwa.

Mwalimu mkuu, Bwana Kuntai, hakuwa mtu mbaya. Lakini ilikuwa miaka ambayo mabweni ya shule yalikuwa yanaungua huku na huku, na mzazi akisikia moto na shule katika sentensi moja, anakuja na lori kuchukua sanduku. Lazima kosa lipate mwenyewe. Alisema wazi: atakayepatikana na uzembe atarudi nyumbani, na mtihani wa mwisho wa mwaka ataufanyia anakojua. Kwa msichana mwenye mkono mmoja mzima na babu aliyestaafu, anakojua kulimaanisha hakuna.

Waliitwa ofisini Ijumaa. Mutindi alikuwa bado kitandani, kwa hivyo Mzee Mbuvi alikuja peke yake, na kofia ya reli mkononi, akaketi kwenye ncha ya kiti. Mwalimu Gakuru alisimama karibu na kabati. Omolo aliulizwa, naye akaeleza vizuri, bila chuki. Alimsifu Mutindi. Alisema ni msichana mwerevu. Alisema kazi ya chumvi ilikuwa yake siku zote, na siku hiyo kwa bahati mbaya ilimponyoka.

Mzee Mbuvi aligeuza kofia. "Huyo mtoto hasahau," alisema. "Huyo tangu awe mdogo, akizima taa anarudi kuangalia kama imezima." Lakini alisema kama mtu anayejua neno lake halina uzito mle ndani, kisha akamwangalia Omolo. "Lakini kama ni wewe umesema, kijana wangu. Wewe ulikuwa hapo. Mimi sikuwa."

Bwana Kuntai alikuwa ameshachukua kalamu mlango ulipobishwa.

Ni Achola, amechelewa, ametoka Kitengela na vumbi lake, nguo ya kanisani, kibeti kimekumbatiwa kifuani. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna kesi ya moto na mtoto wake ametajwa. Alisalimia kila mtu kwa mkono, Mzee Mbuvi kwa mikono miwili, akampa pole ya mjukuu, na macho yake yakalowa kweli. Kisha akabaki wima.

"Mwalimu, niruhusu niseme kidogo. Nimeombea hii maneno njia yote."

"Sema, mama."

"Huyu mtoto wangu ako na mzaha mingi, mimi ndiye namjua. Lakini mzembe si yeye. Watu wasije kusema ati huo moto ulikuwa mchafu, ati hakuuchunga. Hapana. Hiyo wikendi alikuja na hizo tambi nyumbani, nimeona na macho yangu. Amezifua! Omolo, ambaye hafui soksi!"

Mwalimu Gakuru aliinua kichwa.

"Mama," Omolo alisema.

"Wacha nikutetee, baba. Zilikuwa zimejazwa chumvi, sijui ni nani aliziharibu hivyo. Akazisugua mpaka mikono ikakunjana, na mimi mwenyewe nikazisuuza mara mbili na maji safi ya kununua. Nikaonja. Haikubaki chumvi hata kidogo, Mwalimu. Hata ya kuweka kwa yai."

Kalamu ya Bwana Kuntai ilikuwa bado hewani. Mzee Mbuvi alikuwa ameacha kugeuza kofia.

"Mama," Mzee alisema kwa taratibu sana, "hebu rudia. Alikuwa anatoa nini?"

Achola aliangalia uso mmoja hadi mwingine, hakuelewa kwa nini wote walikuwa wanamwangalia hivyo. Akadhani hawajamwamini. Akamgeukia mwanawe, akamwekea mkono begani, akatabasamu kwa fahari.

"Si uwaambie, Omolo. Waambie vile uliniambia."